Vidole Vinne vya Kukulia

Mimi ni fundi viatu, na kwa miaka ishirini na sita nimekaa baraza moja na mwanamke ambaye watoto wa shule humwita Mama Pindo. Yeye yuko upande wa kulia na cherehani yake, mimi upande wa kushoto na sindano, gundi, na lundo la viatu vya watu wasio na haraka ya kuja kuvichukua. Mbele yetu kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi. Kazi yake ni kushona sare za shule hiyo. Kazi yangu ya pili, ukiacha viatu, ni kumtania, maana asipotaniwa hukunja uso kutwa nzima, na akikunja uso hata wateja wangu hunikimbia.

Jina lake lilitokana na vidole vinne. Mtoto akiletwa kupimwa husimamishwa juu ya kisanduku cha mbao. Huzungushiwa futi kifuani na kiunoni, huteremshiwa futi kutoka begani hadi chini ya goti, na kila namba hutajwa kwa sauti ili mama mtu aisikie. Kisha Mama Pindo hulaza vidole vyake vinne juu ya kitambaa, chini ya alama ya mwisho ya chaki, na kusema, "Na vidole vinne vya kukulia." Kitambaa hicho cha ziada hukunjwa kwa ndani. Mwaka ukigeuka mtoto hurudi, pindo huteremshwa kidole kimoja, na gauni linaonekana jipya kwa asiyeangalia sana. Vidole vikiisha, gauni humwendea mdogo wake, pindo hupandishwa, na mambo huanza upya. Nimewahi kuona gauni moja la bluu likipita kwa wasichana wanne wa nyumba moja. Ukiligeuza ndani uliona mistari ya mikunjo, ukajua ni nani alirefuka ghafla na ni nani alichelewa.

Nilipofika hapa, darasa la kwanza lilikuwa na mikondo mitatu, watoto sabini kila chumba, watatu watatu kwenye dawati la watu wawili. Siku za kufungua shule baraza letu lilifurika mpaka nikawa nakaa barabarani na kiti changu. Leo mkondo ni mmoja na watoto ni thelathini na mmoja. Sikuamini mpaka nilipowahesabu mstarini asubuhi moja, nikiwa sina kazi ya maana. Mama Pindo hakuhitaji kuhesabu. Alisema yeye aliona zamani, pale sare za kurithi zilipokoma. Mtoto anamaliza vidole vyake vinne, na nyumbani hakuna mdogo wa kumpa. Mama mtu huleta gauni likiwa zima, analiweka mezani kwa aibu kidogo, na kuuliza kama kuna mwenye shida nalo. Mama Pindo ana kabati zima la magauni yaliyokosa mdogo.

Mwalimu mkuu ndiye aliyetupa maelezo. Alivuka barabara siku moja kuja kutuambia kwamba chumba kimoja kilichobaki wazi kitakuwa kliniki ya wazee, mara moja kwa wiki, watu wapimwe presha na sukari palepale mtaani. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu na sisi tulikuwa tumekaa, akatufundisha. Alikuwa ametoka kwenye semina. Akasema dunia nzima ndiko inakoelekea: hata kule wanakozaa sana, wanazaa pungufu ya mama zao. Watoto hawafi ovyo kama zamani, kwa hiyo watu hawazai saba ili wabaki na wanne, na wale wanaopona wanaishi mpaka wanaona vitukuu. Akasema ziko nchi ambazo vyumba vya watoto vimegeuzwa vyumba vya wazee, na wazee hao wanaoshwa na vijana walioazimwa kutoka nchi nyingine. Nilimwambia kwamba mama yangu alizaa saba na hakuna aliyemwalika semina. Akacheka, akavuka barabara, na mimi nikabaki natazama kiatu nilichoshika.

Kilikuwa kiatu cha mtu mwenye kisukari. Zamani nilikuwa nashona soli zilizofumuka kwa mpira wa miguu. Siku hizi naletewa viatu vya watu ambao miguu yao imevimba na haitaki hata mshono mmoja kwa ndani, kwa sababu kidonda kidogo kwao si kidogo. Kwa hiyo mwalimu hakunidanganya. Alinikera tu kwa kunieleza jambo nililokuwa nimelishika mkononi.

Mama Pindo yeye hakucheka wala hakubishana. Alikuwa na sababu zake. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi, alizaa tisa. Watatu walikufa kabla ya kujua kutembea, mmoja kwa surua, na wawili mapacha kwa kuharisha ndani ya wiki moja. Katika sita waliopona, wawili wametangulia wakiwa watu wazima, watatu wako mbali, na aliyebaki na Bibi ni huyu kitinda mimba wake, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya baraza letu. Mama Pindo mwenyewe ana binti mmoja. Binti huyo yuko nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawalisha, anawaogesha, anawageuza kitandani. Ana miaka thelathini na minne na hajazaa. Ukimgusia habari hiyo kwenye simu anauliza hali ya hewa.

"Tisa, mmoja, bado sifuri," Mama Pindo aliwahi kusema huku anatunga uzi kwenye sindano. Nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki.

Kila asubuhi alikuwa anakuja mwanamke mmoja mjane, rika langu, kushinda na Bibi ili Mama Pindo afanye kazi. Tulimwita Mlezi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Anadeki, anafua, anamtoa Bibi jua la asubuhi na kumrudisha kabla halijawa kali, na akipita barazani ananiuliza viatu vyake vitakuwa tayari lini. Mimi humjibu kesho.

Binti alituma kitambaa cha kijani, rangi anayoipenda Bibi, ili ashonewe gauni la kuvaa siku kliniki ya wazee itakapofunguliwa. Bibi alikuwa na miaka themanini na mitatu na alitaka kuvuka barabara kwa heshima zake. Mama Pindo akafungua daftari lake la vipimo, ukurasa wa kwanza kabisa, ambao ni wa mama yake, akakata kwa namba zile zile. Nilimuuliza kama hampimi. Akanijibu kwamba vipimo vya mama yake anavijua kama jina lake. Gauni lilitoka zuri, la kushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama Bibi anavyotaka nguo zake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimeshavaa shati safi, maana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimamisha magari ili Bibi avuke. Nikasikia kishindo kwenye kizingiti cha nyumba, kisha sauti ya Mlezi ikiita. Tulipofika, Bibi alikuwa chini, gauni la kijani limemzunguka, na Mlezi amempakata kichwa. Bibi hakulia. Alisema tu mguu wake umekwenda pasipotakiwa.

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Wakamwekea chuma. Daktari, kijana mpole, alituambia mifupa ya Bibi imekuwa myepesi sana, na kwa umri wake kuanguka ni ugonjwa unaojitegemea. Kisha akauliza alianguka vipi. Mimi, domo langu halina breki, nikajibu, "Sakafu ilikuwa imedekiwa." Daktari akaandika. Sikumtaja mtu, lakini kila mmoja anajua ni nani anayedeki nyumba ile.

Maneno yangu yalisafiri kwa simu mpaka kwa kaka mkubwa wa Mama Pindo, mwanamume wa miaka sitini na mbili anayeishi mji mwingine, ambaye hajamwogesha mama yake hata siku moja lakini ana maoni kuhusu sabuni. Akatoa hukumu. Mlezi ni mzembe, mwezi ukiisha aende zake. Bibi akipata nafuu ahamishiwe kwake, ghorofa ya nne, achukuliwe mtu mwenye cheti wa kumwangalia. Binti naye alipiga simu akilia, akasema ataacha kazi arudi, haiwezekani awaogeshe mama wa watu huku bibi yake anaanguka. Mama Pindo alimkataza kurudi, na kwa kaka yake aliitikia tu, ndiyo kaka, ndiyo kaka. Hilo lilinishangaza. Mwanamke huyu aliwahi kumrudisha mkaguzi wa elimu nyumbani kwa sababu ya kifungo kimoja.

Siku ya nane baada ya ajali nilimkuta amelitandika gauni la kijani juu ya meza na analipima. Alilipima, akatazama daftari, akalipima tena. Nikamtania kwamba kitambaa hakitakua hata akikipima mara mia. Akanigeuzia upande wa mbele, sehemu ya chini. Pindo lilikuwa limechanika, na palikuwa na alama ya ndala ya Bibi, mistari yote ya soli, wazi kabisa. Mimi ni fundi viatu. Alama kama ile sihitaji kuelezwa.

Akaniambia taratibu. Hospitali walikuwa wamempima Bibi kimo kwa ajili ya chuma cha kutembelea, kile cha miguu minne, na muuguzi alipotaja namba yeye alimwomba airudie. Ile namba ya daftarini ilikuwa ya miaka kumi na mmoja iliyopita, mwaka ambao mjukuu alihitimu masomo. Tangu hapo ameshona magauni sita kwa kutumia ukurasa ule bila kumsimamisha mama yake hata mara moja. "Jirani, gauni liko sawasawa na daftari," akasema. "Mama ndiye aliyepungua. Vidole vinne."

Mimi pia sikuwa nimewahi kufikiria. Maisha yetu yote tulishughulika na watu wanaokua: viatu namba moja juu, pindo vidole vinne chini, nafasi ya kukulia kila mahali. Hakuna aliyetufundisha kukata nguo ya mtu anayerudi chini.

Kisha nikampa ushauri, na ushauri wenyewe sijivunii. Nilimwambia anyamaze. Maji yameshabeba lawama, na maji yameshakauka. Akaniuliza, na Mlezi je? Nikasema Mlezi atapata kwingine, wazee wamejaa mtaani. Akalikunja gauni, akaliweka kwenye lile kabati pamoja na magauni mengine. Siku zote zilizofuata hatukutaniana. Alishona mikono ya mashati ikageuka kinyume, akaifumua, akaishona tena kinyume.

Bibi alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mwisho wa mwezi, siku ile ile ambayo Mlezi alikuwa aondoke, niliitwa nikampime Bibi miguu. Nilikuwa nimeahidi kumtengenezea viatu vyepesi, vya soli inayong'ang'ania sakafu, vinavyofunguka mbele mpaka kwenye vidole ili asipambane navyo. Nilichukua karatasi ngumu na penseli nikaingia. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, chuma cha kutembelea kiko mbele yake. Mlezi alikuwa pembeni anatia ndala zake na aproni kwenye mfuko. Simu ilikuwa juu ya stuli, sauti imefunguliwa, na kaka mtu anatoa maagizo: gari litakuja Jumamosi, nguo za mama zifungwe, dawa zisisahaulike, na yule mama mpeni haki yake aende.

Mlezi alifunga zipu ya mfuko. Ilikwama katikati, akaivuta kwa subira, na nilitamani nijifiche chini ya kitanda.

"Kaka, subiri kwanza," Mama Pindo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, gauni la kijani mkononi. "Huyu haendi popote. Sakafu ilikuwa imekauka. Mama alikanyaga gauni, na gauni nililishona mimi. Lilikuwa refu kwa vidole vinne kwa sababu sikumpima. Nimekaa siku zote hizi najua, na nimenyamaza."

Mlezi aliuachia mfuko lakini hakumtazama yeyote. Kusema kweli nilimwonea Mama Pindo huruma na kumwonea wivu kwa pamoja, maana na mimi nilikuwa na langu kooni. Kabla sijalitoa, Bibi akaongea.

"Nilijua ni refu," akasema. "Hata lile la zambarau lilikuwa refu. Nilikuwa nalinyanyua kwa mkono. Siku ile mkono mmoja ulikuwa na fimbo, na mwingine kadi ya kliniki."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeleta futi." Bibi alitazama magoti yake. "Na wewe unataja namba kwa sauti. Sikutaka kuisikia. Na sikutaka uisikie."

Mama Pindo alikuja akakaa sakafuni mbele ya kitanda, akaweka kichwa kwenye goti zima la mama yake. Alilia bila kujificha. Bibi alimpapasa utosini kama mtoto aliyeanguka barabarani, na sisi hatukuwaingilia.

Kaka mtu ndiye aliyekohoa kwanza. Akaanza kusema kwamba hata hivyo, kwa usalama wa mama, lakini Bibi akamkatisha. Alimwambia anamshukuru, ghorofa ya nne ni nzuri kwa wenye magoti, yeye atabaki hapa. Na huyu Mlezi ndiye aliyemdaka kichwa kisigonge kizingiti, ila hakuna mtu aliyeuliza habari hiyo, wote waliuliza habari za maji. Kaka mtu alisema sawa mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto wa watatu katika tisa.

Ndipo nikasema langu. Nilimwambia Mlezi kwamba neno la sakafu lilitoka kinywani mwangu, kwamba sikuwa nimeona chochote, na kwamba anisamehe asinisamehe, ni haki yake. Alianza kutoa ndala zake kwenye mfuko, akaziweka mlangoni zilipokuwa zikikaa siku zote.

"Viatu vyangu viko kwako tangu mwezi wa pili," akasema. "Anza na hivyo."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwambia Mama Pindo alete futi na daftari.

Ilichukua muda kumsimamisha. Mlezi upande mmoja, mimi upande mwingine, mikono yake kwenye chuma. Mama Pindo alimshika bega, akateremsha futi polepole mgongoni, akifuata ule mpindo ambao sisi sote tulikuwa tumeuona kila siku bila kuuona, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alisoma namba kimoyomoyo.

"Itaje," Bibi akasema. "Kwa sauti, kama unavyowatajia wenzangu pale barazani."

Akaitaja. Mlezi akaiandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, chini ya ile ya zamani. Bibi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa jina lake, tukamkalisha.

Mama Pindo alilitandaza gauni la kijani juu ya kitanda. Alilaza vidole vyake vinne juu ya pindo lililochanika, akapiga alama ya chaki, akatoa mkasi mfukoni ili akiondoe kile kipande kabisa, kisimkaribie tena mama yake.

"Usikate," Bibi akasema. "Kunja kwa ndani."

"Mama, hivi si vya kukulia."

"Wewe ni mrefu kuliko mimi," Bibi akasema. "Zamu yako ikifika utaliteremsha."

Mama Pindo aliushika mkasi bila kuufungua. Kisha akaurudisha mfukoni, akatafuta sindano, akakaa ukingoni mwa kitanda karibu na mama yake na kuanza kulishona pindo kwa mkono, vidole vinne kwa ndani, mishono midogo midogo. Mimi nilipiga magoti sakafuni, nikaweka karatasi chini ya mguu wa Bibi na kuuchora taratibu, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia.